Moyo wa Mwalimu Breki

Mama Mapazia alianza kujifunza udereva akiwa tayari na wajukuu, na wala si yeye aliyelitafuta jambo hilo. Lilimfuata lenyewe mpaka mlangoni. Miaka nenda miaka rudi kazi yake ilikuwa kushona mapazia, na mume wake akiyapeleka kwa wateja kwa kigari chao cha mizigo, Mama Mapazia ameketi pembeni huku vyuma vya pazia vikimdunga kisogoni. Kisha macho ya mume yakaingia ukungu. Akawa anasogeza gazeti mbali, mara analisogeza karibu, anasingizia wino. Siku moja wakiwa njiani alisimamisha gari, akatulia tuli. Mama Mapazia akangoja, akangoja tena.

"Mbona hatuendi?"

"Taa nyekundu, huioni?"

"Mume wangu, hiyo ni taa ya saluni."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, lakini walipofika nyumbani mzee alimkabidhi mkewe funguo. "Mimi na barabara basi," alisema. "Sasa ni zamu yako."

"Mimi? Mimi niliyeangushwa na baiskeli?"

"Baiskeli ina magurudumu mawili. Hii ina manne. Itakuangushia wapi?"

Ndivyo alivyojikuta kwenye shule ya udereva, mikononi mwa Mwalimu Breki.

Mwalimu huyu alikuwa mtu mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake. Ile yake ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Kabla mwanafunzi hajaiona hatari, mwalimu ameshakanyaga, na kichwa cha mwanafunzi kimeshayumba mbele na kurudi. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, naye alisimulia kwamba hata nyumbani, akipita haraka na sufuria ya moto, mguu wa kulia wa mumewe hukandamiza sakafu. Kwa kinyozi, kiti kikizungushwa, anakanyaga. Jina halikumpata kwa bahati mbaya.

Mama Mapazia alimpa kazi kubwa. Alikuwa akiwaomba radhi watembea kwa miguu kupitia dirishani. Gari kubwa likija mbele yake, alifumba macho. "Mama," mwalimu alimwambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kuchoka, "magari hayapishani kwa kufumba macho." Lakini balaa lenyewe lilikuwa ule mzunguko mkubwa unaokutanisha barabara nne. Kuingia aliingia vizuri tu. Kutoka ndiko kulikomshinda. Alizunguka na kuzunguka, jasho likimtiririka, hadi wauza magazeti wa pale wakamzoea na kumpungia mkono kila akipita.

Asubuhi moja Mwalimu Breki alipanda gari akijisugua kifua kwa kiganja.

"Vipi, Mwalimu?"

"Kiungulia tu. Chai ya jana imenikasirikia. Washa gari, mama."

Wakaondoka. Kioo kilikuwa wazi na upepo wa asubuhi ulikuwa wa baridi, lakini Mama Mapazia aliona lile shati lililonyooka likilowa mgongoni. Akapita juu ya tuta bila kupunguza mwendo, gari likaruka kama mbuzi. Akasubiri breki. Kimya. Mbele kidogo mkokoteni wa vitunguu ulikatiza barabara, naye akasubiri tena ule mguu umwokoe, wala haukumwokoa. Akakanyaga mwenyewe kwa nguvu zake zote. Gari likasimama, kitunguu kimoja kikagonga kioo, na mwenye mkokoteni akamwaga maneno ambayo hayafai kusimuliwa.

"Mwalimu, mbona hukufunga breki?"

Aligeuka amtazame. Uso wa mwalimu ulikuwa wa rangi ya majivu, na mkono wa kulia umeushika wa kushoto kama mtu aliyebeba mzigo.

"Mguu hauna nguvu," alisema polepole. "Hapa kifuani, mama, kama nimekaliwa na tembo."

"Niite mtu?"

Mama Mapazia alitazama huku na huku. Wa kumwita alikuwa mwenye mkokoteni, naye bado alikuwa akitukana. Hospitali kuu ilikuwa karibu, paa lake lilionekana kutoka pale. Ilikuwa tu upande wa pili wa mzunguko.

Watu wengine hupata ujasiri kwa sababu hawajui wanachokabiliana nacho. Mama Mapazia alikijua vizuri sana. Aliushika usukani kama anavyoshika kitambaa kinachotaka kuteleza kwenye cherehani, akaingia. Akazunguka mara ya kwanza, njia ya kutokea ikampita. Wauza magazeti wakampungia.

"Indiketa," mwalimu alinong'ona. "Mama... indiketa."

"Mwalimu, leo nyamaza!"

Hajawahi kumjibu hivyo kabla wala baada ya hapo. Aliweka mkono kwenye honi na hakuutoa. Lori la mchanga likasimama, basi likasimama, mtu wa pikipiki akapanda kando ya barabara, na kigari cha shule ya udereva, chenye ubao mkubwa wa kuonya watu kwamba anayeendesha bado anajifunza, kikachomoka kwenye mzunguko kama risasi. Aliingia lango la hospitali, akafuata mshale wa wagonjwa wa dharura, akasimama mbele ya mlango, gurudumu moja likiwa juu ya bustani ya maua.

Mlinzi alikuwa anakuja kumfokea. Alipomwona abiria, akageuka na kuita kitanda. Mwalimu Breki alifungua mlango mwenyewe, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akamtazama mwanafunzi wake.

"Handibreki," alisema. Kisha akaanguka.

Nesi mmoja mdogo wa umbo, aliyekuwa anatoka na kikombe mkononi, alikitupa kikombe. Aliweka vidole shingoni mwa mwalimu, akasikiliza pumzi, akapaza sauti, "Moyo umesimama!" Hapohapo akapiga magoti kwenye saruji ile, akaweka viganja katikati ya kifua na kuanza kukandamiza kwa nguvu ambayo mtu asingedhani inaweza kukaa ndani ya mwili ule. Kitanda kilipofika, walimwinua mwalimu, na nesi akapanda naye juu, akiendelea kukandamiza, wakatokomea naye ndani. Nyuma yao kile kigari kilianza kurudi nyuma taratibu. Mama Mapazia alikikimbilia, akavuta handibreki, akabaki amesimama na funguo mkononi.

Walimwita ndani awape maelezo. Chumba cha dharura kilikuwa na pazia la kijani lililokosa vishikizo karibu nusu, kwa hiyo halikufunga vizuri, naye aliona kila kitu. Manesi wanapokezana kifuani, mmoja akichoka mwingine anaingia bila hata pumzi moja kupotea. Mtu anahesabu. Kwenye skrini mstari haukuwa umenyooka kama alivyotarajia kwa mtu aliyekufa. Ulikuwa unatetemeka ovyo, kama uzi uliojisokota chini ya sindano. "Ondokeni!" wanampiga shoti ya umeme, mwili unaruka, wanautazama mstari, bado umejisokota. Dawa. Kukandamiza. Shoti tena. Bado.

Daktari wa moyo, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba, alitoka mbiombio hadi kwake.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye? Nisikilize vizuri, mama. Alipoanguka, alikaa muda gani kabla ya mtu kuanza kumkandamiza kifua?"

"Hakukaa. Alisema handibreki, akaanguka, na yule binti akamrukia palepale."

"Una hakika?"

"Mwanangu, hata kupiga kelele sikuwahi."

Daktari aligeuka nusu. "Basi ubongo wake haujakosa damu. Anafaa. Leteni mashine!"

Mashine ilikuja ikisukumwa na bwana mmoja mrefu, mtulivu kupita kiasi, ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuiendesha na kuilinda. Haikuwa kubwa. Mama Mapazia aliwahi kuona majokofu makubwa kuliko ile. Wakati manesi wakiendelea kukandamiza kifua, madaktari wawili waliinama kwenye paja la kushoto la mwalimu na kuingiza mipira miwili minene kwenye mishipa mikubwa ya damu, mmoja wa kutoa na mwingine wa kurudisha. Bwana mrefu akafungua kitu, akazungusha kingine, akatazama namba zake. Halafu akasema kwa sauti ileile ya utulivu, "Inakwenda. Mnaweza kuacha."

Na manesi wakaacha. Hilo ndilo lililomtisha Mama Mapazia kuliko yote. Mikono yote ikaondoka kifuani, na kifua kile kikalala kimya. Akashika ukuta.

Bwana mrefu alimwona kupitia pazia. "Usiogope, mama. Njoo uone kidogo. Mpira huu unatoa damu. Unaona ilivyokolea? Imechoka, haina hewa. Inaingia hapa, mashine inaipa hewa safi, kisha inaisukuma irudi mwilini kwa mpira ule. Tazama rangi yake."

Ilikuwa nyekundu ya kung'aa.

"Kwa hiyo moyo wake unapiga?"

"Haupigi. Umegoma."

"Sasa... yu hai au si hai?"

"Yu hai. Mashine imepokea zamu ya moyo na ya mapafu. Lakini haitibu, mama, inashika zamu tu. Kilichougomesha moyo bado kimo ndani. Tunampeleka sasa hivi daktari akautafute mshipa ulioziba." Akaongeza, "Sitakudanganya. Wapo tunaowakosa, hata kwa mashine hii. Lakini yeye hakupoteza muda njiani."

Mke wa mwalimu alifika na vumbi la chaki bado liko vidoleni. Alielezwa, akaelezwa tena, akatikisa kichwa kana kwamba anaelewa. Kisha akaketi kwenye benchi karibu na Mama Mapazia.

"Nani alikuwa anaendesha?" aliuliza.

"Mimi, dada."

"Wewe ndiwe... yule wa mzunguko?"

"Ndimi."

Mke wa mwalimu alimtazama usoni. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini kitu kikaanza kumtikisa mabega. "Kila jioni anatusimulia," alisema. "Anasema, leo tumezunguka mpaka nimewajua wauza magazeti kwa majina ya watoto wao." Na kile kicheko chake kikubwa kikatoka, kikajaa ukumbi wa hospitali, wagonjwa wakageuza shingo. Mama Mapazia naye akashindwa kujizuia. Walicheka wameshikana mikono, wakalia, wakacheka tena, hata hawakujua wanafanya lipi.

Lakini benchi la hospitali ni refu hata likiwa fupi. Mama Mapazia hakuzoea kukaa mikono mitupu. Ndani ya mkoba wake, chini ya leso na dawa ya macho ya mzee, kulikuwa na sindano, uzi na mfuko wa vishikizo. Aliinuka, akaenda kwenye lile pazia la kijani, akaanza kazi.

"Mama, unafanya nini?" nesi aliuliza.

"Natibu. Ninyi mna mgonjwa wenu, mimi nina wangu."

Alikuwa amefika pindo la chini pale daktari wa moyo alipotokea, miwani ikining'inia, uso umechoka lakini macho yakiwa na mwanga. Alimwendea mke wa mwalimu moja kwa moja. Walikuwa wamepitisha waya mwembamba kupitia mshipa wa mkononi mpaka kwenye moyo, wakakuta donge la damu limeziba mshipa mkubwa, wakauzibua na kuuwekea kibomba kidogo cha waya cha kuuzuia usizibe tena. Kisha wakapiga shoti moja.

"Moyo umeshika," alisema. "Unapiga wenyewe. Dhaifu, lakini unapiga."

Mke wa mwalimu alimkumbatia daktari akamwinua kabisa kutoka sakafuni, miguu ikabaki inaelea.

Dhaifu, kweli, ulikuwa dhaifu. Kwa siku kadhaa mashine iliendelea kushika zamu ili moyo upate kupumzika. Mama Mapazia alikuwa akija kila alipomaliza kushona, akiletwa na mpwa wake, na waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja wakiwa wamevaa magauni ya hospitali. Mwalimu alilala kwa dawa, mdomoni ana mpira wa kupumulia, paja limefungwa ile mipira miwili, na mpira mwingine mwembamba kama mrija uliwekwa wa kuupelekea mguu damu yake, usife ganzi. Bwana mrefu au mwenzake hakuondoka kando ya mashine. Walimpa mwalimu dawa ya kuzuia damu isigande mipirani, kwa hiyo walikagua kila saa asije akavuja mahali. Mashine ilinguruma kwa sauti ya chini, sawa na cherehani ya umeme inayokwenda bila kitambaa, na Mama Mapazia akajikuta ameizoea sauti hiyo.

Mkewe alikuwa akimwambia habari zote. Nani katapika darasani, nani kang'oka jino. "Najua hanisikii," alimwambia Mama Mapazia, "lakini hata akiwa macho hunisikia nusu tu."

Kila asubuhi daktari alipunguza nguvu ya mashine kidogo na kuutazama moyo, kama mtu anayemwachia mtoto mkono huku akiwa tayari kumdaka. Ikafika asubuhi moja moyo ukabeba kazi yote peke yake bila kuyumba. Mipira ikatolewa, paja likashonwa, mashine ikasukumwa ikaenda zake kona ya chumba, imezimwa. Dawa za usingizi zikaanza kupunguzwa.

Sasa swali likabaki moja, nalo hakuna aliyetaka kulitamka. Moyo umerudi. Mwenye moyo je? Mtu anaweza kupona moyo na akili ikabaki gizani. Siku ile yote alilala. Aliitwa jina, hakuitika. Daktari alisema ni mapema, wampe nafasi. Mke wa mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale, hakuwa na kicheko.

Mchana wa siku iliyofuata yeye na Mama Mapazia waliruhusiwa ndani pamoja. Nesi alikuwa anasukuma meza ya dawa, gurudumu likateleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, meza ikaja mbio kuelekea kitandani. Chini ya shuka, mguu wa kulia wa mwalimu ulinyooka ghafla na kukandamiza.

Meza ikagonga kitanda. Nesi akaanza kuomba radhi.

"Rudia!" mke wa mwalimu alipiga kelele. "Nesi, tafadhali, rudia! Isukume tena!"

Nesi alidhani mama wa watu amechanganyikiwa, lakini akaivuta meza nyuma na kuisukuma tena kwa hofu. Macho ya mwalimu yalikuwa yamefunguka nusu, yanaitazama inavyokuja, na mguu ukakanyaga tena. Mama Mapazia alitoka nje akaegemea ukuta na kulia kama mtoto, kwa furaha.

Kuongea kulichukua muda. Mpira wa koo ulipotolewa alikuwa na sauti ya chura, na mbavu zilimuuma kila alipokohoa. Tukio lenyewe hakulikumbuka hata chembe. Kumbukumbu zake ziliishia kwenye chai ya asubuhi, wakabaki watu wengine kumsimulia kifo chake mwenyewe, naye akisikiliza kama mtu anayeambiwa habari za jirani.

"Eti uliutoka mzunguko?" alimuuliza Mama Mapazia.

"Niliutoka, Mwalimu."

"Mara ya ngapi?"

"Ya pili."

Alifikiri. "Indiketa uliweka?"

"Sikuweka."

"Hilo ni kosa, mama," alisema, kisha akamshika mkono.

Madaktari walimkataza kufundisha kwa miezi kadhaa. Mama Mapazia alimalizia masomo kwa mwalimu mwingine, kijana aliyekuwa anatafuna jojo na kuacha breki ipumzike, akapata leseni. Sasa anapeleka mapazia mwenyewe. Mzee wake anakaa pembeni, vyuma vinamdunga kisogoni yeye, na analalamika njia nzima.

Mwalimu Breki aliporudi kazini, jambo la kwanza alilolitaka ni kwamba kila mwalimu na kila mwanafunzi wa shule ile ajue la kufanya mtu akianguka moyo umesimama. Jumamosi moja meza zikasogezwa ukutani, na kutoka hospitali akaja kufundisha yule nesi mdogo wa umbo, amebeba mdoli wa kiume asiye na miguu. Mwalimu alikuwa hajawahi kukutana naye akiwa na fahamu. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Kumbe ndiwe uliyenivunja mbavu?"

"Mbili tu, baba," alisema nesi. "Unanidai?"

"Nakudai nini, binti yangu! Hata zile zilizobaki ukizitaka, chukua." Chumba kizima kikaangua kicheko, lakini mkewe, aliyekuwa amekuja kusaidia, alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Wakapiga magoti kwa zamu. Kijana wa jojo aligusagusa mdoli kama anabonyeza mkate kuona kama umeiva, akarudishwa. Mama Mapazia alikunja mikono ya gauni, akakandamiza kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi, nesi akasema, "Hapo sawa, usilegeze." Ilipofika zamu ya mwalimu, alitulia kwanza na kiganja juu ya kile kifua cha plastiki. Kisha akaanza, akihesabu kwa sauti, mkewe akihesabu pamoja naye, na baada ya muda chumba kizima kikawa kinahesabu.

"Zaidi, baba," nesi alimwambia. "Ingia ndani zaidi. Usimwonee huruma."